Bondia na Kikaango cha Seji

Jina la Bondia alilipata shuleni, siku alipomng'oa jino mvulana aliyemvuta nywele mdogo wake. Mwalimu alimchapa, mama yake akamchapa tena nyumbani, na kesho yake akamtafuta yule mvulana ili amalizie kazi. Mdogo wake alikuwa mpole, mwembamba, wa kusema samahani hata akikanyagwa yeye. Wakakua hivyo hivyo, huyu anaomba radhi, yule anakunja ngumi.

Ukubwani Bondia akawa mpishi wa kantini katika kiwanda cha nguo. Mimi nilikuwa namenya vitunguu meza ya pembeni yake. Alikuwa mwanamke wa mikono mizito na mdomo usio na breki. Mfanyakazi akilalamika kuwa chumvi imezidi, Bondia alitoka nyuma ya kaunta na mwiko mkononi, na yule mtu akakumbuka ghafla kwamba chumvi ilikuwa sawa tu. Lakini hakuna aliyebakiza chakula chake, na sababu ilikuwa seji.

Mtunza bustani wa kiwanda ndiye aliyempa kitawi, naye Bondia akakipanda nyuma ya nyumba yake, kati ya tangi la maji na ukuta. Kikashika, kikawa kichaka. Wengi wetu hatukuwa tumewahi kuuona mmea ule: majani ya kijani kilichofifia kama yamepakwa majivu, laini kama sikio la paka, na ukiyafikicha yanatoa harufu kali, nusu dawa, nusu kiungo. Alikuja nayo kila asubuhi yamefungwa kwenye taulo, akatufundisha kuyapika kwa kufoka.

"Kausha jani! Tone moja la maji kwenye mafuta ya moto litakutoboa jicho!"

Siagi peke yake huungua upesi, kwa hiyo aliichanganya na mafuta kidogo, akangoja povu litulie, ndipo akatupia majani. Yalichachatika, yakajikunja kingo, na mlio ulipofifia akayaopoa, makavu, yanavunjika mdomoni. Siagi iliyobaki aliimwaga juu ya maharage au kuku.

"Machache tu," alisema. "Ukizidisha unawalisha watu sabuni."

Mdogo wake alikuwa ameolewa na fundi wa kuchomelea vyuma, mtu wa mabega mapana, mcheshi kweli kweli mbele za watu. Nyumbani alikuwa mwingine. Alianza na kofi, akaja kwenye mkanda, mpaka siku moja akambana mke wake mkono mlangoni, mfupa ukalia. Mdogo mtu akafika kwa dada yake mkono unaning'inia, machozi yanatiririka bila sauti.

"Nimeanguka," alisema.

"Umeangukia wapi?"

"Dada, tafadhali usiende."

Bondia alimpeleka hospitali akafungwa plasta, akamrudisha na kumlaza kitandani kwake. Kisha akaenda.

Yaliyotokea karakana tulisimuliwa na mafundi wenyewe. Aliingia mchana kweupe, shemeji yake ameinama anachomelea geti, kinyago usoni. Akakinyanyua kile kinyago kwa mkono wa kushoto, na wa kulia ukatua puani. Fundi alipepesuka, akajifuta damu, akamrudishia ngumi ya mbavu iliyomkalisha Bondia juu ya rundo la nondo. Alipomfuata na teke, Bondia aliudaka mguu akauuma, na hakuachia mpaka suruali ikalowa damu. Mafundi wote waliokuwepo ndio waliowatenganisha.

"Mrudishe mke wangu," fundi alisema, pua inavuja. "La sivyo nakuja mwenyewe."

"Njoo, shemeji," Bondia akajibu, akitema mate mekundu. "Karibu chakula."

Akaja Jumapili. Bondia alikuwa jikoni, kuku amekwisha kuiva kwenye sufuria, siagi na mafuta vinachemka kwenye kikaango cha chuma. Mdogo wake alikaa kwenye kigoda, anachambua majani ya seji kwa mkono wake mzima. Walikuwa wanacheka jambo fulani la utotoni. Ghafla wakasikia vishindo nyuma ya nyumba, vizito, vinafuatana. Bondia akachungulia dirishani. Fundi alikuwa na kipande cha nondo, anakicharaza kile kichaka kama mtu anayempiga mtu, anakirukia kwa viatu, anakipiga tena. Harufu ya seji iliyopondwa ikaingia jikoni nzito, ya kukaba koo. Mdogo mtu alijikojolea pale pale kwenye kigoda.

Mlango haukubishwa hodi. Kitasa kiliruka kikagonga ukuta wa pili. Fundi hakumtazama Bondia hata kidogo. Alikwenda moja kwa moja kwa mke wake, akamkamata ule mkono wa plasta, akavuta. Ukelele uliotoka hapo, jirani alisema baadaye mahakamani, alidhani ni mnyama anachinjwa vibaya. Bondia akaruka katikati. Nondo ikamshukia begani, mfupa wa mtulinga ukakatika na mkono ukafa ganzi. Ukabaki mmoja. Kwa huo mmoja akashika mpini wa kikaango na kummwagia shemeji yake usoni vyote vilivyokuwemo.

Siagi ya moto haitiririki kama maji, inang'ang'ania. Fundi alipiga magoti akijikwangua uso, na ngozi ikamfuata vidoleni. Nondo ilikwisha kuanguka. Alikuwa hana tena cha kumfanyia mtu.

Hapo ndipo Bondia alipompiga kwa kikaango kichwani, na alipoinua uso akampiga tena, taya likavunjika, meno yakatawanyika sakafuni kati ya majani ya seji.

"Dada, basi!" mdogo wake alilia, amemkumbatia kiunoni kwa mkono mmoja. "Basi! Utaniulia mume wangu!"

Akapiga mara nyingine. Kisha akakaa chini, akazima jiko, akasubiri polisi.

Askari mpelelezi alikuwa mtu mwema, alimwekea maneno mdomoni. "Ulikuwa unajitetea, sivyo? Kavamia nyumba yako, kakuvunja mfupa."

"Kummwagia mafuta, ndiyo, nilijitetea," Bondia alisema. "Kumpiga baada ya hapo, nilitaka tu."

Wakili wake alishika kichwa aliposoma maelezo hayo. Lakini kilichomfunga hasa ni ushahidi wa mdogo wake. Alisimama kizimbani, plasta bado mkononi, akaeleza yote kwa sauti ndogo: nondo, mlango, mafuta, na jinsi alivyomsihi dada yake, lakini dada hakumsikia. Hakumtazama hata mara moja. Bondia alipata miaka miwili.

Kiwandani tuligawanyika. Wengine walimtukana yule mdogo mtu njiani, msaliti asiye na haya. Nilikwenda kumwona Bondia gerezani nikamwambia hivyo, nikidhani nitamfurahisha. Alinikata jicho.

"Kasema uongo gani?"

"Hakuna."

"Basi funga mdomo."

Mdogo wake alirudi kwa mumewe. Jicho moja lilikuwa limepofuka, taya limefungwa kwa waya, na yeye ndiye aliyemnywesha uji kwa mrija, akambadilishia bandeji, akavumilia matusi yaliyotoka kupitia meno yaliyobana. Tulisema amerogwa. Siku waya zilipotolewa, uji ulikuwa wa moto kidogo, na fundi akaunyanyua mkono. Mke wake aliutazama ule mkono ukiwa hewani. Akaliweka bakuli chini taratibu, akachukua mtandio wake, akatoka. Fundi alipiga kelele mpaka mlangoni. Hakuna aliyemfuata mkewe, wala hakuna aliyempigania. Mdogo mtu alipata kazi ya kushona vifungo pale pale kiwandani, akahamia nyumba tupu ya dada yake.

Hapo ndipo Bondia alipomkuta alipofunguliwa. Nilikuwepo, nilimsindikiza. Wawili hao walisimama mlangoni kama watu wanaodaiana njia.

"Sikukaa hapa kukushukuru," mdogo mtu alisema.

"Sikukuomba."

"Na ukimpiga mtu tena kwa ajili yangu, Dada, nitakwenda mahali usipopajua."

Bondia alifungua mdomo. Niliona ngumi ikikunjika yenyewe, kwa mazoea tu, haina pa kwenda.

"Nimekusikia," akasema. "Na siku ile nilikusikia."

Mdogo wake akalia hapo, safari hii kwa sauti, akampisha apite.

Wiki hiyo hiyo walikuwa sokoni, mimi nyuma yao na kikapu, fundi akatokea kwenye kona. Miwani myeusi, uso umevutika upande mmoja kama nailoni iliyokaribia moto. Alimwona Bondia, akasimama. Bondia aliganda, pumzi inamtoka puani. Mdogo wake alikuwa anachagua vitunguu, akainua macho, akawaona wote wawili.

"Mama," akamwambia muuzaji, "hivi vya chini vimelowa. Nipimie vya juu."

Fundi akavuka barabara, akashika njia ya upande wa pili.