Siku Baba Alipopanda Juu ya Bati

Sisi tuliokulia Butimba miaka ile ya tisini tulijifunza kusikiliza bati kabla hatujajua kusoma saa. Likitulia, tulicheza rede mpaka vumbi likatukaa kichwani, tukateleza juu ya yale mawe makubwa kwa vipande vya madumu mpaka sketi za shule zikatoboka, tukarudi nyumbani kula mapanki ya kukaanga, mabaki ya sangara tuliyoachiwa na viwanda baada ya minofu kupanda ndege. Likianza kugonga, gwa, gwa, gwa, mchezo uliisha hapo hapo. Maana yake upepo wa ziwani umefika, na mimi nimeshakimbilia ndani.

Nilikuwa mwoga, sioni aibu kusema. Na nilikuwa na sababu. Nyumba yetu ilikaa juu kabisa kwenye mawe, wazi mbele ya ziwa, na mabati yake yalikuwa yameliwa na kutu. Wiki moja kabla ya siku ninayoisimulia, bati la jirani liliruka likaukata mgomba wetu katikati. Baba alitupeleka kuuangalia ule mgomba. Halafu likaanza kulegea bati letu sisi, tena lile la juu ya chumba alicholala mama na mdogo wangu, mtoto wa wiki tatu.

Fundi wetu, mzee Masanja, alikuwa amechukuliwa kwenda kujenga kiwanda kipya cha samaki. Fundi wa pili alikuwa huko huko. Wa tatu alikuwa amekimbilia dhahabu Geita, na mkewe mwenyewe hakujua atarudi lini. Soko huria lilikuwa limeingia, kazi zimejaa mjini, ila mtu wa kukugongea bati moja humpati ng'o. Baba alikuwa mtunza ghala la pamba, na kazi yake kubwa ya nyundo ilikuwa kupigilia kalenda ukutani. Asubuhi ile aliamka akakuta bati limeteleza chini nusu mkono, akatazama wingu lililokuwa linajikusanya upande wa ziwa, akasema atapanda mwenyewe.

"Baba Kabula, wewe ni mtu wa kalamu," mama alimwambia.

"Na mvua ya leo nani ataizuia?"

Kabula ndiye mimi. Akanivua kandambili zangu za bluu, akazikata vipande vya duara vya kuweka chini ya misumari ili maji yasipenye. Niliziangalia zikikatwa, na kwa mara ya kwanza sikulilia kitu changu. Nilikuwa nimemwona baba anakosea kukata mara mbili, macho yako kwenye wingu.

Akafunga kamba kwenye bati, akaipitisha juu ya paa mpaka upande wa pili wa nyumba, na huko akanisimamisha mimi. Mama alibaki upande wake, ameshika ngazi, mtoto mgongoni. "Nikisema leta, vuta, bati lipande," baba aliniambia. "Nikisema achia, achia. Usifanye lingine."

Basi nikawa nyuma ya nyumba peke yangu, simwoni baba, simwoni mama, naona kamba tu inayopotea juu. Upepo ulikuwa umeanza. Nikasikia, "Leta!" Nikavuta, bati likakwaruza likipanda. "Leta!" Nikavuta tena. Halafu ikaja sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwa baba, sauti nyembamba. Nilisikia leta. Nikavuta. Ikaja tena, kali zaidi, nikajua upepo unamnyang'anya bati, nikazungusha kamba kiunoni na kukanyaga ukuta kwa miguu miwili. Mara ya tatu aliita kama mtu anayelia, na mimi nikavuta kwa nguvu zote Mungu alizonipa, huku nalia, namwomba baba asianguke.

Mama alitokea kwenye kona anakimbia, mtoto ananing'inia mgongoni. Aliniparamia, akanipokonya kamba na kuiachia.

Baba alikuwa anasema leka. Leka ni Kisukuma, maana yake acha. Vidole vyake viwili vilikuwa vimebanwa kati ya bati na kofia ya paa, lile bati linalofunika kilele, na kila alipoomba nimwachie, mimi nilimkata zaidi. Pale nilipokuwa nimesimama, damu ilikuja ikiteremka kwenye migongo ya bati pamoja na matone ya kwanza ya mvua. Nikajua nimemuua baba yangu.

Hakufa. Alifunga mkono kwa kipande cha khanga ya mama, akamalizia misumari kwa mkono uliobaki, ndipo akakubali kwenda hospitali. Vidole viwili viliishia katikati. Mimi siku tatu sikuweza kumwangalia usoni, hata shikamoo yangu ilikuwa inatoka nikitazama sakafu. Siku ya nne akaniita, akaniketisha kando yake.

"Kosa si lako, mama," alisema. "Mimi ndiye niliyewalea kwa Kiswahili, halafu nikaja kuogopa kwa Kisukuma."

Tangu hapo nilijifunza Kisukuma kwa bidii kuliko hesabu. Wanangu mimi hata Kiswahili chenyewe wanakikatakata kwenye simu, na bati likigonga wanaongeza sauti ya muziki. Fundi wanampigia, anawaambia yupo njiani, kumbe bado yuko Kiseke anakunywa chai, nao wanaridhika. Sisi tulikuwa na hofu nyingi kupita kiasi. Lakini tulimjua aliyekuwa juu ya paa kwa ajili yetu, na siku hizi nawaza ni nani wanangu watamkumbuka hivyo.

Masika yaliyopita nilikwenda Butimba kumsalimia baba. Ana miaka sabini na ushei. Fundi alikuwa njiani tangu juzi. Nikamkuta mzee ameegemeza ngazi ukutani, yuko kipandio cha tatu, misumari mdomoni, vile vidole vifupi vimeshika mti wa ngazi. Upepo wa ziwani ulikuwa umeanza. Nikalikamata shati lake kwa nyuma.

Akatema misumari kiganjani. Hakugeuka.

"Kabula, leka."

Safari hii nilisikia vizuri kabisa. Nikavuta.