Maji Yalipobadilika Rangi Bandarini

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Maabara ya bahari hakunionyesha meza wala kiti. Alinipeleka moja kwa moja gatini, tukapanda boti, akanikabidhi wavu wa kitambaa laini ajabu. Nilikuwa fundi sanifu mpya, binti wa Kipogoro kutoka Ifakara, niliyezoea maji ya mto; ya bahari sikuwa nimewahi hata kuyaonja. Tulirudi na chupa iliyoonekana kuwa na maji matupu. Nikainamia hadubini, nikaona vijisanduku vya kioo, minyororo, nyota! Mkuu, mama wa makamo, alicheka, akaniambia hiyo ndiyo fitoplanktoni, mimea midogo mno inayoelea majini na kulisha karibu kila kilichomo baharini.

Kazi yetu ilikuwa kufuatilia mimea hiyo inavyobadilika kwa msimu, katikati ya meli na mifereji ya viwanda. Masika, mito ilileta tope lenye rutuba, na ile ya kioo, diatomu, ikajaa tele. Kaskazi ikiisha, maji yakatulia na kupata joto, ilitamba ile yenye mikia miwili, inayozunguka kama pia. Nilifika mahali nikaweza kuutambua mwezi wa mwaka kwa kutazama tone la maji tu.

Mwaka mmoja maji ya karibu na gati yakawa mekundu kama chai ya rangi. Watu walikilaumu kiwanda cha nguo. Sisi tulipotazama, tone zima lilikuwa limejaa ile ya mikia miwili, ikizunguka. Mkuu akanieleza kwamba baadhi ya aina hizo hutoa sumu, na chaza huikusanya mwilini bila wao kudhurika, lakini mtu akiwala anaweza hata kufa. Nikauliza kama tusubiri vipimo.

"Hatujui bado kama hii ina sumu," alisema. "Ndiyo maana hatuwezi kungoja. Wahi ufukweni."

Nilikuta maji yamekupwa na kina mama wameshajaza ndoo za chaza za kupeleka sokoni. Niliwaamkia, nikaeleza, nikasihi. Kiongozi wao, Bi Mwanaidi, alinisikiliza kwa upole, akasema wamekula chaza tangu utotoni. Sikubishana naye. Nilikimbia kuchukua hadubini ya kutumia mwanga wa jua, nikaisimamisha juu ya mtumbwi uliopinduliwa, nikachota tone pale pale miguuni petu.

Bi Mwanaidi aliinama, akaweka jicho kwenye hadubini.

"Mwanangu, hivi vyote vi hai?"

"Vyote, mama."

"Na chaza wanavinywa?"

"Ndicho chakula chao."

Akainua ndoo yake, akaimwaga. Wenzake wakafuata, mmoja akifuta machozi, maana mauzo ya chaza hao ndiyo yaliyokuwa yakilisha watoto wake.

Baadaye vipimo vilithibitisha kuwa sumu ilikuwepo. Hakuna aliyeugua. Tangu hapo, kila maji yalipogeuka rangi, Bi Mwanaidi ndiye aliyekuwa wa kwanza kutupigia simu.

Sasa nimestaafu, naishi Viwanja Sitini, kwetu Ifakara. Masika haya nilikwenda kijiji cha Mofu kununua samaki, nikakuta mto Kilombero umefura, maji mazito ya kahawia yanakimbia. Mfugaji mmoja wa Kisukuma alinilalamikia kuwa mto unatuibia udongo. Nikamweleza jinsi unavyoingia Rufiji, na Rufiji baharini, ambako mimea isiyoonekana kwa macho inaungojea udongo huo.

"Kumbe unakwenda kulisha," alisema taratibu.

Tukasimama tukiutazama, mimi nikisimulia, yeye akiuliza, mpaka wavuvi wakauza samaki wote. Nilirudi nyumbani mikono mitupu, nikicheka peke yangu njia nzima.