Kahawa ya Kudanganya Njaa

Juzi, katika banda la video pale Omurushaka, nilikaa nyuma ya mwalimu mmoja, mkewe na mgeni wao, aliyekuwa akitafuna punje za kahawa kavu walizomkaribisha nazo nyumbani, kama ilivyo desturi ya kwetu. Kwenye filamu, mama wa Kizungu aliwachekea wageni sebuleni, kisha akaingia jikoni kumnong'oneza mumewe. Mkalimani wa banda akatutafsiria kwa mtindo wa kwetu: "Wape kahawa watafune, wadanganye njaa, waende zao!"

Mke wa mwalimu akapiga makofi. "Jamani! Kumbe na Wazungu husema hivyo?"

Mgeni wao akaacha kutafuna. Akatemea kahawa kiganjani, akaitazama.

"Shemeji, basi la Bukoba linaondoka saa ngapi?"

"Mbona haraka? Hata chakula hujala!"

Siku hizi nikikaribishwa kahawa, kwanza natazama kama jikoni kunafuka moshi.