Kompyuta ilikataa kuwaka Ihembe, fundi akaniongoza kwa redio koli: herufi moja nusura ifute nyimbo za Ta Laurenti

Wakuu, habari za humu.

Mimi ni msomaji wa kimya, huwa napita tu. Leo nimeona uzi wa jamaa ambaye kompyuta yake imegoma baada ya update, nikakumbuka ya kwangu. Sina picha wala ushahidi, ila kila nitakachosema nilikiona kwa macho yangu. Naandika polepole na shule yangu iliishia darasa la saba, kwa hiyo mnivumilie.

Ilikuwa miaka ya tisini, mwishoni, Ihembe huku Karagwe. Ofisi ya mradi wa kanisa ilikuwa na kompyuta moja, ya zile zenye skrini nyeusi na maandishi meupe. Unaandika amri kwa mkono, hakuna cha mouse.

Kazi yangu ilikuwa kuchapa nyimbo za Ta Laurenti.

Huyu alikuwa mwalimu wa kwaya wa zamani. Kwetu mzee unamwita Ta, kwa heshima. Alikuwa ametunga nyimbo nyingi za Kinyambo na za Kiswahili, hakuwahi kuziandika, zote zilikuwa kichwani. Alipopoteza macho ndipo akaanza kuogopa. Kila asubuhi mjukuu alimleta, akakaa kwenye benchi, akaimba mstari mmoja mmoja, mimi nachapa.

Karani wa ofisi, dada Koku, alikuwa ametaka kumpa mtu mwenye kasi. Mzee akakataa: "Nipeni huyu asiyesema. Wa haraka atanikimbiza."

Shida ni kwamba kumbukumbu nayo ilianza kumwacha. Wimbo tuliouchapa mwezi uliopita, ukimuuliza leo, anakumbuka kiitikio tu. Utepe wa printa ulikuwa umekwisha, diskette za akiba hatukuwa nazo. Kwa hiyo nyimbo zile zilikuwa mahali pamoja tu duniani, ndani ya ile mashine.

Sasa fundi wa Bukoba, tumwite Deo, akatuma diskette za mfumo mpya na maelezo: ingiza ya kwanza, fuata skrini, ukiambiwa badilisha, badilisha. Dada Koku alikuwa likizo ya uzazi. Nikaanza mwenyewe.

Nikiwa katikati, jenereta ikazimwa.

Msimlaumu mzee wa jenereta. Jirani alikuwa amefariki, na kwetu maiti akiwa bado ndani hakuna anayeshika jembe, sembuse mashine kunguruma. Habari ilipomfikia alizima palepale, akaenda msibani. Nami nikaenda.

Tulipotoka kuzika, jenereta ikawashwa. Kompyuta ikahesabu hesabu zake, kisha ikasimama. Skrini iliandika: Bad or missing Command Interpreter.

Nikazima, nikawasha. Yaleyale.

Ta Laurenti alikuwa kwenye benchi lake. Akauliza, "Zipo?"

Nikasema, "Bado naangalia, Ta."

Simu haikuwepo. Kulikuwa na redio koli, ile ya upepo, chumba cha pili, inatumia betri ya gari. Wanaoijua wanajua: ukiongea, vituo vyote vinakusikia. Kaisho wanasikia, Kibingo wanasikia, Bukoba wanasikia. Mmoja akimaliza anasema "ova", ndipo mwingine anajibu.

Mimi nilikuwa na aibu ya kuagiza hata chumvi dukani. Nilisimama mbele ya ile redio mpaka jasho likanitoka. Lakini nilikuwa namsikia mzee anakohoa kwenye benchi. Nikabonyeza.

"Bukoba, Bukoba, hapa Ihembe, ova."

Kabla Bukoba hawajajibu, jamaa wa Kaisho akaingia: "Ihembe, leo mmeweka bibi harusi kwenye redio? Ongeza sauti, mama, ova!"

Nikasikia watu wanacheka. Nilitaka kuiacha redio niondoke.

Deo akaja hewani. Nikamsomea yale maneno herufi kwa herufi, maana Kiingereza sijui. Akasema si kitu kikubwa, mashine imepotelewa na kile kinachopokea amri. Niweke diskette fulani ya kuwashia, na nikiona A niandike anachosema. "Na ikikuuliza swali jibu Y, tusipoteze betri. Anza: ver, ova."

Nikaandika kwenye karatasi, nikaenda chumba cha kompyuta, nikachapa, nikarudi.

"Inasema Bad command, ova."

"Umeandika nini? Ova."

"VEROVA, ova."

Wakuu, siku ile Kagera nzima ilicheka. Kaisho alishindwa hata kusema ova yake.

Deo akanieleza kuwa ova ni ya redio, siyo ya kompyuta. Nikarudia, ikakubali. Akasema, "Sasa tuone kama mafaili yako yapo. Andika: dil, acha nafasi, c, nukta mbili, mkwaju wa kulalia nyuma, ova."

Hapa nisimame kidogo. Kwa sisi Wanyambo, na ndugu zetu Wahaya, R na L ni mtu na pacha wake. Ta Laurenti mwenyewe kijiji kizima kilimwita Raurenti, na akiitika huwezi kujua ameitika lipi. Deo alikuwa Mhaya wa kuzaliwa.

Mimi nilisikia dil. Nikafikiri, neno hili nalijua, lipo kwenye kibodi, kitufe cha pembeni kimeandikwa Del. Nikaandika DEL. Nikachapa DEL C:\ nikagonga enta.

Skrini ikajibu: All files in directory will be deleted! Are you sure (Y/N)?

Ni swali. Na fundi alishasema swali lijibiwe Y. Kidole kilikuwa tayari juu ya Y.

Kilichonizuia ni mazoea. Nilizoea kunakili kila kitu cha skrini kabla ya kugusa, kwa sababu siwezi kukumbuka Kiingereza. Nikawa naandika, polepole: d-e-l-e-t-e-d. Nikatazama lile neno. Nikatazama kile kitufe cha Del. Dada Koku alikuwa akikosea herufi anabonyeza kile, herufi inapotea.

Nyimbo zote tulizihifadhi palepale kwenye C, hatukujua mambo ya folda.

Nikarudi kwenye redio. Kaisho alikuwa anaongea na Kibingo kuhusu dawa ya ng'ombe. Kukatiza watu wakubwa sikuwahi. Nikakatiza.

"Samahani wazee. Bukoba, imeniuliza swali lenye deleted. Nijibu Y? Ova."

"Mawe, mama yangu! Usiguse! Umeandika nini?" Hata ova alisahau.

"Dil, kama ulivyosema, ova."

"Sikusema dil! Nimesema dil! Ova!"

Nadhani hata Kaisho alikuwa anajaribu kusikia tofauti.

Nikabonyeza tena. "Fundi, ni R ya Rwanda au L ya Lushoto? Ova."

"Ya Lwanda! Ova."

"Rwanda hii ya ng'ambo ya mto Kagera? Ova."

"Hiyohiyo, kijana! Jibu N, kisha andika ya Lwanda! Ova."

Nikajibu N. Nikaandika DIR. Majina yakashuka: NYIMBO1, NYIMBO2, yanafuatana mpaka ya mwisho. Baada ya hapo amri ilikuwa moja tu, SYS C: ambayo inarudisha kile kilichopotea. Ikaandika System transferred. Nikatoa diskette, nikazima, nikawasha. Ikawaka yenyewe.

Nikatangaza redioni kuwa imewaka. Kaisho akasema, "Hongera, bibi harusi, ova," safari hii kwa upole.

Nikamwambia mzee zipo. Akasema, "Nisomee ya kwanza kabisa."

Nikafungua NYIMBO1, nikamsomea. Wa mama anayeita watoto kutoka migombani mvua inakuja. Alisikiliza kichwa kimeinama mpaka ubeti wa mwisho.

Akauliza, "Huu ni wa nani?"

"Ni wako, Ta."

Akainua kichwa. Kisha akasema, "Mzuri. Endelea na wa pili."

Nilichojifunza: ukielekezwa na fundi kwa sauti tu, mwambie aitaje kila herufi kwa jina la mahali. Na skrini ikikuuliza swali, soma swali kwanza, hata kama umeshapewa jibu. Baadaye tulipata diskette za akiba, na kitu cha kwanza kunakili kilikuwa nyimbo.

Nimemaliza, wakuu. Aliyewahi kuponea kwenye herufi moja aseme yake hapa chini. Na kama kuna mtu wa Kaisho aliyekuwa kwenye redio enzi zile, ajitokeze, nimeshamsamehe.

Ova.