Koti la Msibani na Maneno Sita ya Vita

Nianze na ujinga wenyewe, tusizungushane. Nilivaa koti la marehemu msibani, nikapiga saluti mbele ya waombolezaji, nikatangaza: "Nasalimu amri! Nipeni ubwabwa niondoke!"

Kabla hujaniita mwendawazimu, subiri. Mimi ni Mnyamwezi. Sisi na Wazaramo ni watani tangu mababu walipobeba pembe za ndovu kutoka hapa Tabora hadi pwani, na mtani ana haki yake msibani: anavaa nguo za marehemu, anaiga mwendo wake, anachekesha mpaka wafiwa wapumue. Sasa rafiki yangu, tuliyekuwa tunakaa naye dawati moja, alihamia kutoka Dar, baba yake ni mtu wa reli. Nikajumlisha mwenyewe: Dar, basi Mzaramo. Mwaka mzima nilimwita mtani, naye akacheka tu.

Ile saluti ilitoka darasani. Mwalimu wa historia alituandikia ubaoni maneno sita ya kuielewa Vita Kuu ya Dunia, kusalimu amri likiwemo, sisi tukayahamishia kwenye dawati. Tulichora mstari wa chaki katikati. Kiwiko kikivuka, uvamizi. Aliponilia mhogo wangu nikampa onyo la mwisho: aulipe kabla ya kengele. Tukawauliza wasichana wa mbele nani mwenye haki. Wakasema wao hawaegemei upande wowote, wakala uliobaki.

Kisha babu yake, aliyekuwa akiishi nao, akafariki, nami nikaenda na utani wangu wote, nikalitungua koti lake ukutani.

Hakucheka mtu. Mama mmoja aliuliza, "Huyu mtoto wa nani?" Baba yake rafiki yangu akaja taratibu, akanivua lile koti kifungo kimoja kimoja, kama unavyomvua mtoto wa chekechea.

"Kijana, sisi ni Wakinga wa Makete," alisema. "Hatuna utani na ninyi."

Rafiki yangu alikuwa amesimama mlangoni. Aliangalia viatu vyangu.

Aliporudi shule alihamia dawati la nyuma. Mstari wa chaki ukabaki, pande zote mbili zangu. Mwaka mzima nilikuwa nimeipigania nusu ya dawati, sasa sikujua niweke nini. Hata mhogo, kumbe, kwa mtu mmoja ni mwingi.

Siku hiyo mwalimu aliuliza maana ya usitishaji mapigano. Nikanyoosha mkono.

"Ni pale wanapoacha kupigana, mwalimu, lakini bado hawajapatana."

"Safi! Leo umekunywa nini wewe?"

Darasa likacheka. Nikageuka nyuma. Rafiki yangu alikuwa anaandika jibu langu kwenye daftari lake, hajainua kichwa.

Mama anauza asali ya Sikonge sokoni, kwa hiyo habari ilimfikia kabla sijamaliza kutunga uongo. Hakunichapa. Alijaza chupa moja asali, akanikabidhi, akasema niende nikaombe radhi. Njiani juu ya baiskeli nilitunga hotuba nzuri kabisa, yenye vichekesho viwili. Mlango akafungua baba yake.

"Shikamoo."

"Marahaba."

"Nimekosa, baba."

Hotuba ikaishia hapo. Mzee akapokea chupa, akamwita mwanawe. Pazia la chumbani likatikisika, likatulia.

"Amelala," alisema mzee. Ilikuwa saa kumi jioni, na sote wawili tuliliona lile pazia.

Nilirudi nikiisukuma baiskeli, ingawa matairi yalikuwa na upepo. Nyumbani mama akauliza kama ameipokea asali.

"Kapokea baba yake. Yeye hakutoka." Nikajaribu kucheka. "Labda nimpelekee mzinga mzima, nyuki watamtoa."

Mama hakucheka. Alikuwa anafunga mifuniko ya chupa nyingine, akamaliza ya mwisho, ndipo akasema: "Ile chupa ni yangu, naihitaji sokoni. Jumamosi utaifuata. Na ukifika ukae pale mlangoni, usimchekeshe mtu."