Shokapu imara za Nyabugogo

Mliowahi kutafuta shokapu za gari sokoni Nyabugogo, njooni mnililie.

Leo nilitaka za pikapu, zile ngumu za kustahimili mashimo ya kwetu Kagugu. Muuzaji akaniletea mbili nyeusi, zinang'aa.

"Bosi, hizi zimetoka Dubai. Utazeeka, zenyewe bado ziko."

Nikazigeuza.

Chini kuna rangi ya kucha ya mke wangu! Niliipaka mwenyewe mwaka jana, ili fundi asinibadilishie. Ni shokapu zangu, nilizomwachia fundi azitupe mwezi uliopita kwa sababu zinavuja mafuta.

Nikamwonyesha muuzaji ile alama. Hakushtuka hata kidogo, sha.

"Sasa si unaona zinadumu?"

Nimezinunua. Nyingine za hapa sokoni sijui ugonjwa wake. Hizi angalau najua zitakufa lini.

Ninyi mngefanyaje?