Giza la Upande wa Kushoto

Alikuwa fundi wa kitu kimoja tu: vioo vya laptopu. Kibodi, betri na feni aliwaelekeza watu kwa jirani yake wa orofa ya juu. Yeye alishika kioo na taa iliyo nyuma yake, basi wateja wakamwita Fundi Kioo, na jina likamganda hata mkewe akawa analitumia siku walizonuniana.

Aliianza kazi hiyo enzi ambazo taa ya nyuma ilikuwa mrija wa gilasi, mwembamba kama waya wa mwavuli, wenye zebaki kidogo ndani. Mrija ukizeeka ulififia, na kioo kikageuka rangi ya karatasi iliyokaa juani. Kuutoa bila kuuvunja kulitaka mkono usiotetemeka. Taa ndogondogo za LED zilipoingia, wenzake walidhani riziki yake imekatika. Kumbe yeye ndiye aliyezisifu kuliko wauzaji.

"Hizi zinawaka sawasawa tangu unapofungua," aliwaambia wateja. "Hazili betri, hazina zebaki, na kioo chenyewe kimekuwa chembamba kama daftari. Miaka ikipita, nyeupe inabaki nyeupe."

Mteja mmoja alimwuliza kama kiwanda kinamlipa. Akajibu kwamba kiwanda hakina habari kama yeye amezaliwa.

Alikuwa na ndugu mmoja tu, dada yake, aliyemzidi miaka tisa. Mama yao alipofariki, dada ndiye aliyemwogesha, akamsomesha, akamchapa alipostahili. Kazi yake ilikuwa kusahihisha vitabu vya shule kabla havijapigwa chapa. Aliifanya nyumbani, kwenye meza iliyobanwa kati ya jokofu na dirisha. Kosa la herufi moja halikumpita. Shemeji, mumewe, alikuwa akisema kwamba hata barua ya uchumba aliyompelekea zamani ilirudi ina alama za wino mwekundu.

Siku moja dada alimpigia simu mdogo wake kazini.

"Kioo changu kimeanza kufa," alisema. "Kitabu cha sayansi kimerudishwa. Makosa kumi na moja yamenipita. Msimamizi wangu ananiuliza kama nilikuwa nasoma au nasinzia."

"Wewe?"

"Mimi. Miaka ishirini na miwili sijawahi kuulizwa swali hilo. Upande wa kushoto umefifia, maneno yanajificha. Njoo unitazamie."

Laptopu yake ilikuwa ya zamani, ya mrija. Fundi aliifungua palepale mezani na kuukuta mrija umechoka kweli, ncha zake zimekuwa nyeusi. Akautoa, akaweka utepe wa LED mahali pake, akaunganisha kibao kidogo cha kuuendesha, akafunga. Kioo kikawaka cheupe kama shuka mpya. Dada aliinama, akasoma mistari miwili mitatu, akatabasamu.

"Umenirudishia ujana wangu."

Fundi alirudi kwake amejaa furaha. Mambo mengi alitamani kumlipa dada huyu, na machache aliyaweza.

Miezi mitatu ikapita. Kitabu kingine kikarudishwa, safari hii na maneno makali zaidi. Dada akasema utepe umeharibika. Fundi alifungua tena, akapima, akaangalia kila kiungo. Hakuona kasoro. Hakutaka kubishana naye, basi akaamua kumtafutia laptopu mpya kabisa, ya aina ambayo taa zake hazikupangwa ukingoni bali zimetawanywa kwa mamia nyuma ya kioo kizima. Kila kundi la taa linang'aa au kufifia lenyewe, hivyo nyeusi inakuwa nyeusi kweli na herufi zinasimama wima machoni. Katika maisha yake yote ya ufundi hakuwa ameona taa nzuri kuliko hiyo.

Alimpelekea Jumamosi asubuhi. Shemeji alikuwepo, anakunywa chai. Dada alikaa, akaitazama kwa muda.

"Mwanga mzuri sana," alisema. "Mwepesi kwa macho. Ila huku kushoto bado."

Fundi aliweka ukurasa mweupe mtupu, usio na neno hata moja. Yeye aliuona umeenea sawa, pembe kwa pembe. Akamwuliza shemeji, naye akasema anaona hivyohivyo.

"Nionyeshe giza lilipo," fundi alisema.

Dada alipitisha mkono upande wa kushoto. "Hapa."

Fundi akaigeuza laptopu juu chini, kibodi ikawa juu na kioo kikapinduka. Kama ubaya ulikuwa kwenye kioo, sasa ulipaswa kuhamia kulia.

"Na sasa?"

"Palepale," dada alisema, na mkono wake ukaenda kushoto.

Fundi akazichukua karatasi za kitabu kilichorudishwa, zilizokuwa juu ya jokofu, akazipitia. Alama za msimamizi zote zilikuwa mwanzoni mwa mistari. Hakuna hata moja iliyokuwa katikati au mwishoni. Akamwomba dada atazame mbele tu, kisha akaleta mkono wake polepole kutoka kushoto. Uliingia hadi karibu na pua ndipo dada akashtuka.

Shemeji aliweka kikombe chini.

"Kioo hakina ubaya," dada alisema mwishowe.

"Hakina, dada."

"Hata kile cha kwanza."

"Kile mrija wake ulikuwa umechoka kweli," fundi alijibu, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba aaminiwe.

Jumatatu walikwenda hospitali wote watatu. Daktari alikuwa mama mtulivu, asiyependa kuzunguka na maneno. Alisema ni presha ya macho. Haiumi, haiwashi, inakula uoni wa pembeni taratibu, na mtu huja amechelewa kwa sababu jicho moja humfichia mwenzake. Kilichopotea hakirudi. Dawa ya matone ingejaribu kulinda kilichobaki.

Fundi aliuliza kama aulizavyo fundi. "Waya ukikatika ndani ya jicho, hakuna namna ya kuunganisha?"

"Mshipa wa fahamu wa jicho hauungiki, kaka."

"Angekuja miezi mitatu iliyopita?"

Daktari alitazama picha za macho zilizokuwa mbele yake. "Hilo sitaki kukudanganya. Angekuwa na kidogo zaidi ya alichonacho."

Miezi hiyo mitatu ilikuwa ya ule utepe. Mwanga mpya ulimpumzisha dada, akavumilia, akaacha kulalamika. Fundi alilijua hilo kabla hajatoka kwenye kile chumba, wala hakumwambia mtu. Dada naye labda alilijua, kwa maana njiani alimshika mkono akasema tu, "Ulifanya unachokijua."

Kulikuwa na kitabu kimoja kilichobaki, cha jiografia, nusu yake haijasahihishwa. Dada hakutaka kukiacha njiani. Wiki mbili mfululizo fundi alifunga kazi mapema, akaenda kukaa kushoto kwake. Yeye alisoma kwa sauti maneno ya mwanzo ya kila mstari, dada akamalizia. Fundi hakuwa msomaji mzuri; alikwama, akarudia, na mara mbili dada alimkemea kwamba anaruka nukta. Kitabu kilirudi hakina kosa. Siku ya pili yake dada aliandika barua ya kuacha kazi, akaipeleka mwenyewe.

Laptopu ile mpya aliibakiza mezani. Huifungua asubuhi kusoma habari, herufi zimekuzwa, uso umegeuzwa kidogo pembeni. Kwenye vipimo vya mwisho daktari alisema giza halijasogea, ila asihesabu kwamba halitasogea.

Fundi bado anatengeneza vioo, na akiulizwa huzieleza taa mpya kama zamani, kwani ni kweli ni nzuri. Ila mtu akilalamika kwamba upande mmoja umefifia, humgeuzia kioo juu chini kwanza. Na kila jioni, saa ya dawa, humpigia dada yake.

"Umeweka?"

"Nimeweka."

Kisha wote wawili hukaa na simu sikioni, kila mmoja akimsubiri mwenzake aseme kitu.